Rafiki wa rolex na maswali yake: mlinzi wa ubalozi afanye nini?

Swali: Afande, salaam. Nalinda lango la ubalozi mmoja hapa Kololo, nimeajiriwa na kampuni ya ulinzi. Kwa miezi miwili sasa kuna bwana hunikuta kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, hunilipia, tunapiga soga. Mwanzoni ilikuwa mpira tu. Siku hizi anauliza zamu hubadilishwa saa ngapi na gari la balozi hutokea lango lipi. Wiki iliyopita alinitumia shilingi elfu hamsini kwenye simu, eti za daftari za mtoto. Isitoshe, kuna bodaboda amesimama ng'ambo ya barabara siku tatu, simu mkononi, abiria hachukui. Nikiripoti, si watanifukuza kazi? — Mlinzi, Kampala

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa kulibeba jambo hili peke yako. Leo hii, kabla hujaingia zamu, mwone afisa usalama wa ubalozi ana kwa ana. Usimpigie simu, na usimtume mwenzako. Mweleze yote, na hizo elfu hamsini uzitaje wewe mwenyewe kabla hajakuuliza. Usimrudishie yule bwana hela, usimgombeze, wala usifute ujumbe wa muamala. Ujumbe ule una namba, tarehe na saa, na hivyo ndivyo wachunguzi watakavyovihitaji.

Nimeanza na hela kwa sababu ndipo ndoano ilipo. Anayetafuta mtu wa ndani ya ubalozi haanzi kwa kuomba siri. Huanza na jambo unaloliona si kitu, kama saa ya kubadilishana zamu, kisha anakupa hela kidogo ambazo utaona haya kuzitaja. Ukishazificha, mna siri ya wawili. Mwezi ujao ataomba picha ya kitabu cha wageni, na ukikataa atakukumbusha elfu hamsini. Nguvu yake yote iko katika kunyamaza kwako, na ukisema leo hana tena cha kukushikia.

Wala usijiambie kwamba wewe ni mlinzi tu. Mwaka 1943 na 1944, siri za ubalozi wa Uingereza mjini Ankara zilipigwa picha na mtumishi wa nyumbani kwa balozi, Elyesa Bazna, akawauzia Wajerumani. Sehemu kubwa ya pauni alizolipwa zilikuwa bandia. Na mwaka 2023 mahakama ya London ilimfunga David Ballantyne Smith miaka 13 na miezi miwili kwa kuwapa Warusi habari za ubalozi wa Uingereza mjini Berlin. Kazi yake pale ilikuwa kama yako, mlinzi.

Sasa huyo wa bodaboda. Huenda anasubiri mteja wake, Kampala imejaa vijana wanaosimama hivyo. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kutolipuuza jambo hili. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Mtu aliyeupiga picha na kuuchora kwa ajili ya al-Qaeda, Ali Mohamed, alikiri mbele ya mahakama ya New York mwaka 2000 kwamba kazi hiyo aliifanya mwaka 1993. Miaka mitano kabla! Ndiyo maana mstari unaouandika leo kwenye kitabu cha matukio unaweza kuja kusomwa ukiwa umeshahama lindo.

Uandike vizuri basi. "Mtu wa kutiliwa shaka" hakumsaidii yeyote. Andika hivi: saa 1:10 jioni, pikipiki nyekundu, namba ya usajili, dereva mwenye koti la kijani, amekaa dakika 25, amekataa abiria wawili, ameinua simu gari la balozi lilipotoka. Siku tatu kwa saa ileile, tena saa ya gari la balozi, hilo ni jambo la kuripoti. Kabila lake, lafudhi yake au sura yake si jambo la kuripoti. Nimeona wakimbizi wasio na kosa wakisumbuliwa milangoni kwa sababu tu mlinzi aliandika "Mkongomani", na inaniuma hadi leo. Andika kitendo.

Usimfuate barabarani. Nje ya lango ni kazi ya polisi wa Uganda, na Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 22, unaipa nchi mwenyeji wajibu maalumu wa kulinda majengo ya ubalozi. Ubalozi ndio utakaowaita. Ila ukiona gari limetelekezwa ukutani au mzigo hauna mwenyewe, usishike kalamu kwanza: piga king'ora, ondoa watu, kisha 999.

Na simu yako. Kama ratiba ya zamu inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, mwambie afisa huyohuyo. Mwaka 2021 ilibainika kwamba simu za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au walioshughulikia Uganda, zilidukuliwa kwa programu ya Pegasus, inayoweza kuingia bila mwenye simu kubonyeza chochote. Ratiba ikae kwenye karatasi, ndani ya kibanda cha walinzi.

Kuhusu kazi, siwezi kukuahidi kwa niaba ya mwajiri wako. Nilipokuwa msimamizi, aliyekuja mwenyewe nilimhamishia lindo jingine na akaendelea kula mshahara. Aliyegunduliwa sikuwa na la kumtetea. Ukimaliza kueleza, omba taarifa yako iandikwe, uweke sahihi na tarehe, na umwachie afisa aamue nani katika kampuni yako aambiwe. Yule bwana akikukuta tena kibandani, msalimie kama kawaida, jilipie mwenyewe, na maswali yake uyapeleke ofisini kama yalivyo.