Ndugu, lifute jedwali hilo la vinyume kabla halijafika kwa mchapaji

Umeuliza kama inatosha kuandika "kali – pole" na "bichi – bivu" katika kijitabu cha vinyume cha darasa la nne, ukauliza pia kuhusu bei ya uchapaji na mpangilio wa mazoezi. Mimi nimekwama kwenye jedwali lenyewe, kwa sababu ndilo lililonila fedha zangu.

Nilikuwa nikifundisha masomo ya ziada jioni, nikachapisha nakala 300 kwa akiba yangu, kila neno likiwa na mwenzake mmoja tu. Aliyenihakikishia kwamba mtoto akipewa vinyume viwili atachanganyikiwa ni mwalimu mmoja aliyenitangulia kazini, nami sikumhoji kwa kuwa alikuwa na mvi na miwani. Hadi leo nikimkumbuka ghadhabu hunipanda. Wiki ya kwanza tu, binti mmoja aliandika: "Mama alianika nguo mbichi asubuhi, jioni akaanua nguo mbivu." Nilipomtilia alama ya kosa, alinifungulia ukurasa wa 6 wa kitabu changu mwenyewe, akauwekea kidole, akanitazama. Nilikohoa. Mzazi wake alikirudisha kitabu akadai fedha zake, wengine wakafuata, na nakala zilizobaki zimekuwa za kuwashia jiko la mkaa: hazikumwivisha mwanafunzi hata mmoja, lakini maharage yameiva.

Kwa hiyo usitafute kinyume cha neno likiwa peke yake. Litie kwanza ndani ya sentensi. Embe bichi hupingana na embe bivu, lakini nyama mbichi hupingana na nyama iliyopikwa, na kuni mbichi, kama zilivyo nguo za yule binti, hupingana na kavu. Kisu kikali kinyume chake ni kisu butu, ilhali mbwa mkali kinyume chake ni mbwa mpole. Ukimpa mtoto "pole" pekee, atakuandikia kisu kipole, nawe hutakuwa na haki ya kumkosoa.

Wala usidhani kwamba kuongeza nomino moja kunatosha, maana hapo nilinaswa mara ya pili. "Juma amepanda mnazi": je, kinyume ni kwamba ameshuka, au ameung'oa? Huwezi kujua mpaka uandike kwamba Juma alikuwa akienda kuangua madafu.