Teke la chini linalokushinda kila jioni
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wenzako pale Kirumba wanakushinda kila jioni kwenye Tekken 8, ule mchezo wa video wa kupigana, kwa teke lilelile la chini. Usikimbilie kuongeza mechi. Mwombe mmoja wao muingie sehemu ya mazoezi, alirudie teke hilo mara 20, nawe ulizuie kwa kubonyeza nyuma na chini kwa pamoja, kisha uinuke na kumpiga papo hapo kabla hajajikusanya. Mchezo huu huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, hivyo pigo linalochukua fremu 15 hufika ndani ya robo sekunde, na muda huo hautoshi kufikiri. Mimi nilikwama hapo miezi miwili, kwa sababu kidole gumba changu cha kushoto kilichelewa kuachia kitufe cha chini.