Hakuna fundi wa kukuunganishia akaunti zote

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni dada wa Chake Chake, nachora kanga kwa kompyuta: pindo, mji na jina. Michoro yangu naiweka Instagram, na oda zinakuja mpaka kutoka Unguja na Dar. Tangu mwaka jana naigeuza pia kuwa nguo za avata, yaani umbo la mtu la ndani ya kompyuta, katika mchezo wa mtandaoni wa Roblox. Sasa nataka niingie Second Life, dunia nyengine ya avata, na kwengineko, lakini kila nikifungua akaunti mpya naanza sifuri. Jina langu limeshachukuliwa, hakuna anayenijua, na nguo nilizokwisha kuchora hazipo. Programu nyingi naingia kwa kubonyeza "Endelea kwa Facebook", nikadhani hicho ndicho kitambulisho changu cha kote. Kuna kijana mjini Unguja anasema anatengeneza kitambulisho kimoja kitakachobeba jina, wafuasi na nguo zangu kila ninapokwenda. Anataka malipo, neno langu la siri la Facebook, na zile namba sita zinazokuja kwenye simu. Je, kitu hicho kipo?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Hakipo. Na huyo kijana usimpe hata namba moja kati ya hizo sita.

Namuanza yeye kwa sababu maswali ya namna hii nayapata kila mara, na karibu kila moja lina mtu wa namna hiyo ndani yake. Sikiliza jambo moja la kiufundi ambalo linatosha kumuumbua. Utaratibu unaotumika duniani kuunganisha akaunti ya hapa na programu ya kule unaitwa OAuth. Toleo lake la pili, ambalo ndilo linaloendesha vitufe vyote vya "Endelea kwa Facebook" au "Endelea kwa Google", lilichapishwa mwaka 2012. Sababu kubwa ya kutengenezwa kwake ilikuwa watu wasigawe maneno yao ya siri kwa programu nyengine. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ili akuunganishie akaunti lazima umpe neno la siri, ama kazi haijui, ama anaijua vizuri na anachokitaka ni akaunti yenyewe. Hakuna uwezekano wa tatu.

Tuje kwenye kitufe chenyewe, maana hapo ndipo penye kosa linalonichosha kuliko yote. Watu wanaamini kwamba kile kitufe ni kitambulisho chao. Angalia kinachotokea unapokibonyeza. Programu inakupeleka kwa Facebook. Facebook inahakikisha kuwa ni wewe, kisha inakurudisha ulikotoka ukiwa na hati fupi isemayo "huyu ni mtumiaji wangu namba fulani". Basi. Hakuna wafuasi waliosafiri wala picha iliyohama. Na ile namba yenyewe si moja: tangu mwaka 2014 Facebook huipa kila programu namba yake tofauti kwa mtu yule yule. Programu ya kwanza inakujua kwa namba hii, ya pili kwa namba ile, na wao kwa wao hawana njia ya kujua kupitia namba hizo kwamba ni dada mmoja wa Chake Chake. Ulichonacho ni njia moja ya kuingilia sehemu nyingi, na njia hiyo iko mikononi mwa Facebook. Siku wakiifunga akaunti yako, kwa haki au kwa makosa ya mashine yao, kote ulikokuwa ukiingilia hapo unabaki nje kwa pamoja.

Haikupangwa iwe hivi. Mwaka 2005 Brad Fitzpatrick, aliyeanzisha LiveJournal, mtandao wa kuandika shajara, alitoa mpango ulioitwa OpenID. Humo kitambulisho chako kilikuwa anwani ya tovuti yako. Ulikuwa unaweka mistari miwili tu kwenye ukurasa wako kuonyesha ni nani anayekuthibitisha kwa sasa, na ukimchoka unaibadilisha, anwani inabaki ile ile na kila mahali wanaendelea kukujua. Kisha mwaka 2008 ikaja Facebook Connect na kitufe chake chepesi, watu wakakimbilia wepesi. OpenID Connect ya mwaka 2014 imerithi jina la OpenID, lakini kitambulisho humo ni namba unayopewa na mtoa huduma. Anwani yako haina nafasi tena.

Najua utauliza: mbona namba ya simu inahama? Ndiyo, tangu Machi 2017 Tanzania unaweza kuhama kampuni ya simu ukabaki na namba yako. Inawezekana kwa sababu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo juu ya kampuni zote, kanuni zinazilazimisha, na kuna kumbukumbu moja wanayoitazama wote kujua namba ipo kwa nani leo. Kati ya Instagram na Roblox hakuna chombo cha namna hiyo. Hata Ulaya, ambako tangu Mei 2018 kifungu cha 20 cha sheria yao ya data kinampa mtu haki ya kuchukua data zake, anachopewa ni nakala. Ukipakua taarifa zako za Instagram utapata faili lenye majina ya wafuasi wako na tarehe. Majina hayo huwezi kuyapandikiza pengine yakawa wafuasi.

Wafuasi wanahama pale tu mtandao ulipojengwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Mastodon inaweza: ukihama seva, wafuasi wanaelekezwa kwenye akaunti mpya, ila maandishi ya zamani yanabaki kule kule, na seva ya zamani lazima iwe hai siku unayohama. Ikiwa imeshazimwa, huhami. Bluesky wamekwenda mbele kidogo. Wafuasi wako wanaifuata namba ya kudumu inayoanza na did:plc, na jina linaloonekana linaweza kuwa anwani yako mwenyewe ya intaneti. Unaingia kwenye mipangilio ya DNS ya anwani yako, yaani kumbukumbu inayoonyesha anwani inaelekea wapi, unaongeza rekodi ya TXT iitwayo _atproto, ndani yake unaandika did= ikifuatiwa na namba yako, na baada ya muda jina lako pale ni anwani yako. Maadamu anwani ni yako, hakuna anayeweza kusema jina limeshachukuliwa.

Kwenye nguo, dada, kuna ukuta mwengine kabisa, na huu hauhusu akaunti. Nguo ya kawaida ya Roblox ni picha bapa ya pikseli 585 kwa 559, iliyogawanywa vipande: kifua, mgongo, mikono, kila kimoja na mraba wake. Mraba wa kifua ni pikseli 128 kwa 128. Wewe mwenyewe unajua jina la kanga likibanwa humo linakuwa vumbi. Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003, ina mwili wa umbo jengine na mkato wake mwengine wa kuuvalisha. Hata kama kesho kampuni hizo mbili zingekubaliana kila kitu kuhusu majina na akaunti, ile picha yako ya Roblox ingemkaa avata wa Second Life vibaya, pindo begani na mji tumboni. Mwaka 2008 IBM, kampuni ya kompyuta, na Linden Lab, wenye Second Life, walifanikiwa kumvusha avata kutoka Second Life kwenda dunia nyengine iliyotumia programu ya OpenSim. Lilikuwa jambo kubwa na lilistahili kusherehekewa. Lakini aliyevuka alivuka na jina lake tu, nguo na vitu vyake vilibaki alikotoka. Ikiwa IBM waliishia hapo wakiwa na wahandisi wa pande zote mbili mezani, kijana wako anafanya nini kwa neno la siri la Facebook?

Kinachohama kwako ni mchoro wa asili. Naomba uniambie kwamba hukufuta mafaili ya mwanzo ukabakiza zile picha za 585 kwa 559. Weka kila kanga katika faili lake kubwa, pindo tabaka lake, mji tabaka lake, jina tabaka lake, na nakala mbili sehemu mbalimbali. Kutoka hapo utakata upya kwa kila dunia unayoingia. Ni kazi, lakini ni kazi ya ufundi wako, na malipo yake yanabaki kwako. Mitandao hufa na vitu vya watu. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kwamba muziki na picha walizoweka watu kabla ya 2016 huenda vimepotea walipokuwa wakihamisha seva. AltspaceVR, dunia ya avata ya Microsoft, ilizimwa Machi 2023.

Kwa jina, sajili anwani yako ya intaneti. Ipo .co.tz kwa biashara na ipo .me.tz kwa mtu binafsi, zote zinauzwa na mawakala waliosajiliwa. Fungua ukurasa mmoja mwepesi, orodhesha humo akaunti zako zote za kweli, na kwenye kila akaunti weka kiungo cha kurudi kwenye ukurasa huo. Kiungo cha upande mmoja hakithibitishi chochote, maana yeyote anaweza kuandika anwani yako kwenye ukurasa wake. Vikielekeana pande zote mbili, mteja anajua kuwa wa Instagram na wa Second Life ni mtu mmoja, hata kama majina ya akaunti yanatofautiana. Tengeneza na barua pepe kwenye anwani hiyo, kisha anza kuchukua mawasiliano ya wateja wako, kwa ridhaa yao. Orodha hiyo utaondoka nayo popote.

Jina la biashara ukitaka liwe lako kisheria, nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar. Alama za biashara Zanzibar zinasajiliwa huku na za Tanzania Bara zinasajiliwa kule, na usajili wa upande mmoja haukulindi upande mwengine. Watu wengi hili hawalijui. Wewe unauza Pemba, Unguja na Dar, kwa hiyo linakuhusu moja kwa moja. Michoro yenyewe ni kazi ya sanaa, ulizia COSOZA, wanaoshughulikia hakimiliki Zanzibar.

Hapa sasa nawasemesha wote, si wewe peke yako. Jambo ninalokutana nalo zaidi ya wizi wa namba sita ni hili: mwenye duka la viungo, mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, mwenye boti ya kupeleka wageni, anamlipa kijana amtengenezee tovuti. Kijana anasajili anwani kwa jina lake yeye, kwa barua pepe yake yeye. Miaka inapita, wanagombana au kijana anasafiri, na siku anwani inapokwisha muda mwenye biashara anagundua kwamba kwenye kumbukumbu hatambuliki popote. Jina aliloliandika kwenye bango, kwenye fulana na kwenye boti ni la mtu mwengine. Kabla ya kulipa shilingi, muulizeni wakala aliyesajili: mmiliki aliyeandikwa ni nani? Likitajwa jina lisilo lenu, lirekebisheni mkiwa bado mnasikilizana.

Wapo pia wanaouza wafuasi, wapo wanaouza alama ya buluu ya akaunti iliyothibitishwa kwa mlango wa nyuma, na siku hizi wapo wanaouza majina ya kwenye blokicheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, wakisema ndiyo kitambulisho cha kote. Jina la blokicheni ni kweli linakaa kwako maadamu una ufunguo wake. Lakini Instagram haiwi na wajibu wa kulitambua kwa sababu wewe umelinunua, wala Roblox. Kitambulisho kinafika pale tu wanapokubali kukisoma. Anayewauzia bila kuwaambia ni nani wanaokisoma anawauzia nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima.

Na kama ulishampa chochote kabla ya kuniandikia, dada, usione haya, fanya haya leo. Badilisha neno la siri la barua pepe kwanza, kabla ya Facebook, kwa sababu mwenye barua pepe anaweza kurudi kwenye Facebook hata ukibadilisha. Ndani ya barua pepe angalia kama hakuna amri ya kupeleka nakala kwa anwani usiyoijua. Kisha Facebook na Instagram: badilisha neno la siri, toa vifaa vyote vilivyoingia, futa namba za simu na barua pepe zisizo zako, na namba za uthibitisho zihamishie kwenye programu maalumu ya simu ili zisitegemee ujumbe mfupi. Baada ya hapo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa kampuni husika ikafutwe, na umchukue mtu mzima wa nyumbani awe shahidi yako pale kaunta.