Maswali na majibu: Wakufunzi wangu hawafanyi utafiti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkuu wa idara katika chuo cha kati hapa Kigoma, tunafundisha uvuvi na usindikaji wa samaki. Nimewahimiza wakufunzi wafanye utafiti, nikawapa na tarehe ya mwisho. Aliyeleta andiko ni mmoja tu. Wengine wanasema vipindi vimewabana. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza waamini. Mkufunzi anayetoka darasani saa kumi jioni na kukuta rundo la majaribio ya kusahihisha hana tena kichwa cha kuandika, na tarehe ya mwisho humwongezea deni tu. Panga upya ratiba, kila mmoja apate siku moja kwa wiki isiyo na kipindi, na vikao visiivamie.

Pili, usiwaombe andiko, waombe swali. Maswali mnayo mlangoni. Pale mwaloni Kibirizi kuna dagaa wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa juu ya vichanja. Darasani mnasema kichanja ni bora. Ni bora kwa kiasi gani? Chukueni dagaa wa mtumbwi mmoja, wa usiku mmoja, wachanganyeni vizuri, mgawe mafungu ya nusu kilo, kisha kura iamue lipi liende wapi. Mkichagua kwa macho, dagaa wazuri wataishia upande mnaoupenda bila ninyi kujua. Kila baada ya saa mbili okoteni fungu moja kila upande mpime uzito. Wa mchangani wakung'uteni kwanza, na mchanga unaotoka mpimeni pia, kwa sababu mnunuzi hulalamikia huohuo. Siku moja haitoshi. Rudieni hata mara kumi, siku za jua na za mawingu.

Kalenda yenu ifuate ziwa. Kwenye mbalamwezi wavuvi wanaovua dagaa usiku kwa taa hupumzika, mtakosa dagaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa hiyo ulizieni mapema kabla ya kupanga bajeti.

Mpango ukishaandikwa, hata kurasa mbili, upelekeni TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo hapohapo Kigoma. Kosa la mpangilio hurekebishika likiwa bado kwenye karatasi. Takwimu zikishakusanywa vibaya, hakuna hesabu ya kuziokoa.

Wapange wawili wawili, mzoefu na mgeni, na waandikiane tangu mwanzo majina ya nani yatatokea kwenye makala na kwa mpangilio upi. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kukusanya takwimu za mradi mmoja msimu mzima, makala ikatoka bila jina langu. Nilikaa miaka minne sigusi utafiti. Na jarida linalokubali makala kwa siku mbili na kudai malipo hapohapo, likimbieni.

Yule mmoja aliyeleta andiko, je, ulikaa naye mkalisoma pamoja? Kama bado, anza naye wiki hii.