Kabla ya Kumsaka Mtaalamu wa Data, Fungua Daftari la Getini

Wenye kampuni za mizigo hapa Mombasa huniuliza kila mara: nitampata wapi mwanasayansi wa data? Nami huomba nioneshwe data yenyewe kwanza. Nimefanya kazi hii kwenye ofisi za mawakala wa forodha na kwenye yadi za makontena, na naamini kwa dhati kwamba wengi wanamsaka mtu ambaye hata akipatikana leo hatakuwa na pa kuanzia.

Mwaka 2001 mchambuzi Doug Laney aliieleza changamoto ya data kwa mambo matatu: wingi, kasi na aina. Huku kwetu watu hutishwa na wingi. Lakini ukurasa mmoja wa Excel hubeba mistari 1,048,576, na ofisi nyingi za kutoa mizigo bandarini haziukaribii mpaka huo. Kinachotuumiza ni aina. Safari ya kontena moja imo kwenye daftari la mlinzi, kwenye barua pepe za wakala wa meli, kwenye mfumo wa forodha, kwenye faili la mhasibu, na kwenye picha za WhatsApp alizotuma dereva akiwa Mariakani. Hapana mahali zinapokutana.

Chukua hilo daftari la getini. Mlinzi anaandika lori limeingia saa 8, yaani saa nane mchana kama sote tunavyosema. Karani ofisini anachapa 08:00. Lori linapotoka, saa inanaswa na mashine: 16:00. Basi lori lililokaa yadini saa mbili linaonekana limekaa saa nane, na mteja anatozwa au anasamehewa kwa hesabu isiyo ya kweli. Mtaalamu akija na hesabu zake za kutabiri ucheleweshaji, atakachotabiri ni kosa hilo hilo. Mteja naye ni Mohamed kwenye ankara, Mohammed kwenye risiti, Moh'd kwenye orodha ya madeni. Kompyuta inaona watu watatu.

Mengine hurekebishika kwa urahisi mno hata nashangaa hayafanywi. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile herufi na tarakimu zilizotangulia. Iweke kanuni hiyo kwenye fomu ya kuingizia data, na karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara fomu itamkatalia hapo hapo, kabla kosa halijasafiri hadi kwenye ankara.

Ukishalisafisha hilo ndipo utajua unamhitaji nani. Mhandisi wa data huunganisha mifumo, mchambuzi husoma yaliyotokea, mwanasayansi hujenga hesabu za kutabiri yajayo. Matangazo mengi ya kazi humtaka mtu mmoja ayafanye yote matatu kwa mshahara wa karani. Jambo hili linaniuma, maana vijana wetu hodari wanahamia Nairobi, au wanabaki papa hapa Nyali wakizifanyia kazi kampuni za ng'ambo. Tangu nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, soko lao limekuwa dunia nzima. Unashindana na waajiri ambao hawajawahi kuiona bandari yetu ya Kilindini, na lazima mshahara wako ulijue hilo.

Vyeti visikupumbaze. Mpe anayeomba kazi faili chafu la mwezi mmoja, lakini kwanza ondoa majina, namba za simu na za vitambulisho, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana wewe mwenye kampuni. Kisha sikiliza maswali yake. Anayekimbilia kuchora grafu bado hajaiva. Binti mmoja niliyemsaili alitazama safu ya saa, akanyamaza kidogo, akaomba ateremke getini akazungumze na mlinzi. Nilimchukua, wala sikuhitaji kumwita mwingine.

Na usimruke karani wako wa miaka mingi. Yeye anajua kwa nini makontena ya mteja fulani huchelewa kila mwezi wa Ramadhani, jambo ambalo mgeni atalihangaikia muda mrefu. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, imekuwepo tangu miaka ya 1970 na misingi yake haimshindi mtu aliyezoea Excel. Mlipie mafunzo, mpunguzie kazi za kuchapa, umkalishe karibu na mtaalamu utakayemwajiri. Wawili hao watakufaa kuliko bingwa mmoja aliyejifungia peke yake.

Kwenye mkataba wa mtaalamu andika kwamba kila hesabu anayoijenga aiachie maelezo, na programu zake zikae kwenye seva ya kampuni, si kwenye kompyuta yake ya mkononi. Siku akipata kazi bora, atakayemrithi aendelee pale alipoishia mwenzake.