Kutunga Swali la Utafiti Kuhusu Mitazamo ya Lugha na Lahaja

Mapendekezo mengi ya utafiti wa isimujamii, yaani taaluma ya lugha na jamii, hukwama mapema, pale mwanafunzi anapoandika: "Je, wanafunzi wana mtazamo gani kuhusu lahaja fulani?" Kasoro ya swali hili ni kwamba jibu lolote linalitosheleza. Wakiipenda, sawa, wakiichukia, sawa, wakigawanyika, sawa pia. Kabla hujaenda uwandani unapaswa kujua ni data gani italijibu swali lako, itatoka kwa nani, na ni matokeo ya aina gani yatakayoonyesha kwamba ulichodhania si kweli.

Anza kwa kuupasua mtazamo wenyewe. Una pande tatu: anachoamini mtu ("wanaosema hivi hawajasoma"), anachohisi ("napenda kuisikia") na anachotenda ("ndiyo ninayozungumza na mwanangu"). Pande hizi si lazima ziende pamoja. Mwanasosholojia Richard LaPiere, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1934, alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, wakaingia katika hoteli na migahawa zaidi ya 200, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye alipoandika barua kuuliza kama Wachina wangepokelewa, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Hojaji ingempa picha moja na mlango wa hoteli picha nyingine. Kwa hiyo chagua upande mmoja na uuandike ndani ya swali. Kwa mfano: "Je, walimu humpa msomaji mwenye lafudhi ya kijijini alama za chini za uwezo kuliko mwenye lafudhi ya mjini, kifungu kinachosomwa kikiwa kilekile?" Hapo kuna kundi, kuna kipimo, kuna ulinganisho, na kuna uwezekano wa kukosea.

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kuwauliza watu moja kwa moja. Wengi watakwambia lahaja zote ni sawa, kwa sababu wanajua hilo ndilo jibu la heshima. Njia iliyozoeleka ni ile ambayo mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake waliitumia Montreal, Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 1960. Wasomaji waliomudu Kiingereza na Kifaransa walisoma kifungu kilekile kwa lugha zote mbili, na wasikilizaji wakawapima bila kujua kwamba sauti mbili ni za mtu mmoja. Waliokuwa wasemaji wa Kiingereza walizipendelea sauti za Kiingereza. La kushtua ni kwamba wasemaji wa Kifaransa nao walifanya hivyohivyo. Hakuna hojaji ya kawaida ambayo ingelitoa jambo hilo waziwazi kiasi hicho.

Ukitaka kuitumia njia hii, kazi kubwa iko kwenye rekodi. Tafuta msomaji aliyekua na lahaja zote mbili, si anayeiga mojawapo, kwa maana sauti ya kuigiza husikika kama dhihaka na wasikilizaji watapima dhihaka hiyo. Kabla ya kuitumia, wape rekodi wasemaji watatu au wanne wa lahaja hiyo na uwaulize kama huyu ni mwenzao. Mmoja akisita, rekodi upya. Kifungu kiwe cha dakika moja hivi, kuhusu jambo lisilogusa siasa, dini wala mapato. Kama unachunguza lafudhi, maneno yabaki yaleyale. Ukibadilisha msamiati pia hutajua alama zimeshushwa na lipi. Rekodi zote zifanywe chumba kimoja, kifaa kimoja, kasi moja. Katikati ya sauti mbili za mtu huyohuyo weka sauti za watu wengine, mbili au tatu, ili msikilizaji asimtambue. Nusu ya wasikilizaji waanze na lahaja ya kwanza na nusu na ya pili, kwani sauti ya mwanzo huwa ndiyo kipimo cha zinazofuata.

Sifa za kupimwa zisizidi kumi. Ziwemo za hadhi (mwenye akili, mwenye elimu, anayefaa uongozi) na za ukaribu (mkarimu, mwaminifu, ningependa awe jirani yangu), kisha kila kundi lichambuliwe peke yake. Mara nyingi lahaja isiyo rasmi hupata kidogo kwenye hadhi na kingi kwenye ukaribu. Ukichukua wastani wa zote, pande hizo mbili zinafutana na utaandika kwamba hakuna tofauti, ilhali ipo kubwa. Mwishoni muulize msikilizaji anadhani kila msemaji ametoka wapi. Swali hili husahauliwa sana, na bila hilo kazi yote inayumba: aliyedhani sauti ni ya mahali pengine hajaipima lahaja yako. Ukimaliza, waeleze wasikilizaji ukweli kuhusu sauti hizo na uwape nafasi ya kuondoa majibu yao.

Kama swali lako linahusu matumizi, usitegemee maelezo ya mtu kuhusu usemaji wake. Mwanaisimu Peter Trudgill alipochunguza usemaji wa mji wa Norwich, Uingereza, alikuta wanawake wengi wakidai kutumia maumbo sanifu kuliko walivyoyatumia kweli, na wanaume wengi wakidai kinyume chake. Mwanaisimu mwingine, William Labov, alilikwepa tatizo hilo New York mwaka 1962: aliingia katika maduka makubwa matatu yenye hadhi tofauti, akauliza kitu ambacho jibu lake lilikuwa "ghorofa ya nne" kwa Kiingereza (fourth floor), akajifanya hakusikia ili lirudiwe, kisha akaenda kando kuandika kama sauti ya r ilitamkwa. Hakuna aliyejua kwamba lugha yake inachunguzwa.

Kwenye ujifunzaji wa lugha, neno la kuogopa ni "huathiri". Ukipima mtazamo na alama za mtihani siku moja, umepata uhusiano tu. Huenda anayeipenda lugha anafaulu, na huenda anayefaulu ndiye anayeipenda. Ukitaka kuzungumzia athari, pima vyote viwili mwanzoni mwa muhula na mwishoni, na urekodi pia saa ambazo mwanafunzi huisikia lugha hiyo nje ya darasa. Tena bainisha ni lugha ipi. Mwanaisimu Charles Ferguson alionyesha mwaka 1959 kwamba Waarabu na Waswisi wanaosema Kijerumani wana umbo moja la shuleni na maandishi, na jingine la nyumbani. Ukimuuliza mwanafunzi "Unakipenda Kiarabu?" bila kutaja umbo, mmoja atajibu kuhusu lugha ya vitabu na mwingine kuhusu lugha ya mtaani, nawe utawajumlisha.

Hojaji ijaribiwe kwanza kwa watu watano hadi kumi wasio katika sampuli, na waeleze kwa sauti wanavyolielewa kila swali. Vunja maswali yenye mambo mawili ("ni nzuri na rahisi kujifunza?"). Tumia jina ambalo wasemaji wenyewe huipa lahaja yao. Anayehoji awe wa lahaja hiyo ikiwezekana, la sivyo watu watahamia lugha sanifu kwa heshima.

Maswali ya utafiti yawe matatu, manne yakizidi. Chora jedwali: swali, chombo cha kukusanyia data, watoa data, namna ya kuchambua. Safu ikibaki tupu, swali hilo liondoe. Halafu hesabu muda wa kunukuu, yaani kuandika yaliyorekodiwa. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kuandikwa, na lahaja isiyo na tahajia iliyozoeleka huchukua zaidi. Mahojiano kumi ya dakika 45 ni saa saba na nusu za sauti, yaani saa 30 hadi 45 za kuandika kabla hujaanza uchambuzi. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kumpelekea msimamizi idadi ya watu utakaowahoji.