Wakili aliyeidhinishwa na benki: ya kujua kabla hujanunua nyumba Uingereza

Bei ikishakubaliwa, dalali wa nyumba atakuuliza kama una wakili, na kabla hujajibu atakuwa ameshakutajia wa kwao. Chukua jina, shukuru, usisaini kitu. Madalali wengi hulipwa kwa kila mteja wanayempeleka kwa wakili, na malipo hayo wanatakiwa wakuambie. Huenda wakili huyo ni mzuri tu. Lakini wewe ndiye utakayeishi naye miezi kadhaa, si dalali.

Mimi ni msaidizi katika ofisi ya mawakili wa mauzo ya nyumba hapa England, na Waswahili wenzangu wakisikia yuko mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao hunitafuta. Maswali yao hufanana, kwa hiyo nayaweka hapa kwa anayenunua mara ya kwanza kwa mkopo. Ninayosema ni ya England na Wales. Scotland wana sheria zao.

Huku wakili mmoja kwa kawaida humwakilisha mnunuzi na benki inayomkopesha, wote wawili kwa pamoja. Ndiyo maana benki haikubali wakili yeyote tu. Kila mkopeshaji ana orodha ya ofisi anazoziamini, sisi tunaiita paneli. Ofisi lazima iwe inasimamiwa na SRA, ambayo ndiyo mamlaka ya mawakili, au na CLC, ya wataalamu wa uhamishaji wa nyumba peke yake, na iwe na bima. Benki nyingi hutaka pia cheti cha ubora cha chama cha mawakili kiitwacho CQS, na baadhi hazipendi ofisi ya mtu mmoja. Wakili wako asipokuwamo, benki huweka wa kwake kulinda mkopo, gharama inaangukia kwako, na hao wawili wanaanza kuandikiana barua huku muuzaji akisubiri.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi yoyote liwe hili, kwa maandishi: "Je, mko kwenye paneli ya mkopeshaji fulani?" Taja jina kamili kama lilivyo kwenye barua ya mkopo. Kampuni moja ya fedha inaweza kuwa na benki zaidi ya moja chini yake, kila moja na masharti yake. Jibu la "tupo na benki zote kubwa" si jibu. Na ukibadilisha benki njiani kwa sababu umepata riba nafuu, uliza upya.

Ila usichanganye mambo. Kuwa kwenye paneli kunamaanisha benki imeridhika kwamba pesa zake ziko salama. Hakumaanishi kwamba simu yako itapokelewa. Hayo utayajua kwa kuuliza mwenyewe: nani hasa atashika faili langu, ni wakili au msaidizi? Akienda likizo, nani anaendelea? Nitampata kwa simu yake au nitaongea na mapokezi kila siku? Ofisi inayojibu haya bila kuzungukazunguka ina nafasi kubwa ya kuwa nzuri, kuliko ile yenye tovuti ya kung'aa.

Kuhusu bei, tangu Desemba 2018 ofisi zilizo chini ya SRA zinatakiwa kutangaza bei zao za kazi hii. Usitazame tarakimu ya juu peke yake. Shuka chini uone nyongeza: ya flati, ya kupokea mchango wa ndugu, ya kuiwakilisha benki, ya kutuma pesa, kisha VAT ya asilimia 20. Na ahadi ya "usiponunua hulipi" inahusu ada ya wakili tu. Pesa za upekuzi, yaani kuchunguza rekodi za halmashauri, maji na mazingira kuhusu nyumba, zikishatoka hazirudi.

Sasa nije kwenye jambo linalokwamisha watu wetu kuliko yote: pesa ya kianzio imetoka wapi.

Wakili anabanwa na kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha, na hapohapo anabanwa na benki. Hatosheki na kuona salio. Anataka kuona njia: mshahara ukiingia, ukikaa, ukikua. Sasa mtu anakuja na taarifa ya benki ambapo mwezi Machi zimeingia pauni 9,000 kwa mpigo. Ni nini hii? "Ni mchezo, ilikuwa zamu yangu." Wewe na mimi tunaelewa. Wakili wa Kiingereza anaona watu kadhaa wasiofahamika wamemtumia mtu mmoja pesa siku moja. Upatu si kosa, lakini uandae ushahidi: ujumbe wa kundi unaoonyesha zamu, michango yako ya kila mwezi ikitoka, majina ya wenzako. Kama mlikuwa mnapeana taslimu, jua una kazi ngumu, na heri uanze kuizungumza kabla hujatoa ofa ya nyumba.

Aliyeuza kiwanja Kibaha naye ana lake. Mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, una muhuri na mashahidi, kwetu ni hati nzito. Huku utahitaji tafsiri yake iliyothibitishwa, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha mnunuzi akilipa na wewe ukizihamisha hadi Uingereza. Pesa zikipita kwa shemeji kwanza ndipo zikufikie, shemeji naye atatakiwa atoe karatasi zake. Pitisha njia fupi.

Halafu zawadi. Ndugu akikuchangia, benki itataka barua yake inayosema ni zawadi, hairudishwi, na hatadai sehemu ya nyumba. Atatoa kitambulisho na taarifa za benki yake. Wakopeshaji wengine hukubali zawadi ya mzazi au ndugu wa karibu tu, na wengine wana masharti ya ziada kama mtoaji yuko nje ya nchi. Hapa ndipo niliposikia mteja akisema kwenye simu, kwa nia njema kabisa: "Ile barua ya baba mdogo ni ya karatasi tu, nitamrudishia polepole." Faili likasimama siku ile ile. Wakili anayewakilisha benki hawezi kusikia hilo akanyamaza: lazima akuombe ruhusa ya kuiambia benki, na ukikataa, anajitoa. Benki ikaambiwa, ikapiga hesabu upya ikiweka deni la baba mdogo, na mkopo ukashuka. Hakuna aliyemwonea. Angesema tangu mwanzo kwamba ni deni, angetafutiwa mkopeshaji anayelikubali, au nyumba ya bei ya chini.

Ndiyo hivyo: huyu ni wakili wako, lakini ni wa benki pia. Ukipoteza ajira ghafla, bei ikipunguzwa, muuzaji akikupa fanicha kama kivutio, au ikijulikana muuzaji mwenyewe ameinunua nyumba chini ya miezi 6 iliyopita, habari hizo huenda benki. Hata mama mkwe atakayekaa nanyi ataletewa fomu ya kusaini kwamba haki zake za kukaa pale ziko chini ya haki za benki, na wakopeshaji wengi huhesabu kuanzia miaka 17. Mweleze mapema asije akadhani anafukuzwa.

Angalia pia majina. Pasi za watu wetu, wa Zanzibar hadi Oman, huwa na jina lako, la baba na la babu. Benki ikachukua mawili, mwajiri akaandika mengine. Jina kwenye ofa ya mkopo lifanane na pasi herufi kwa herufi. Salim na Saleem ni watu wawili mbele ya wakili.

Kodi ya ununuzi wengi huijua nusu. Hapa nasema ya England tu, Wales wana kodi yao. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, anayenunua mara ya kwanza nyumba isiyozidi pauni 500,000 halipi kwa pauni 300,000 za mwanzo, kisha asilimia 5 kwa kinachozidi. Lakini "mara ya kwanza" ni duniani kote. Ukiwa umewahi kumiliki nyumba Tanga, hata kwa kurithi, umeshatoka kwenye nafuu hiyo. Na kama bado unayo, na sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, inaweza kukuletea nyongeza ya asilimia 5 juu ya bei nzima. Kiwanja kitupu ni jambo jingine. Mwambie wakili kila ulicho nacho nyumbani akupigie hesabu. Usijaze fomu kwa ushauri wa kijiweni.

Wanaokwenda kwa mpango wa kisharia, ambapo benki inanunua nawe kwa ubia na wewe unailipa kodi ya pango huku ukinunua hisa zake, waulize paneli kabla ya yote. Si kila ofisi imewahi kushika mikataba hiyo. Hofu ya kodi ya ununuzi kulipwa mara mbili ilimalizwa na sheria ya 2003, lakini wakili asiyeizoea atakupotezea wiki akiisoma.

Kazi yenyewe ikianza, kasi yako inahesabika. Fomu zirudishe wiki hiyo hiyo. Usimpe mwenye nyumba unayopanga notisi kabla ya kubadilishana mikataba, kwa sababu hadi hapo muuzaji anaweza kugeuka na huna cha kumdai. Wakati wa kubadilishana unatoa kwa kawaida asilimia 10 ya bei, na bima ya jengo uwe nayo siku hiyo. Benki nyingi hutaka siku 5 za kazi kuandaa pesa, basi usiahidi gari la kuhamisha kabla. Ijumaa iogope: pesa zikichelewa utalala na makochi nje.

Na siku chache kabla ya kutuma kianzio huenda ikaja barua pepe, imeandikwa vizuri, jina la wakili wako chini yake: "Tumebadilisha akaunti." Usitume. Piga namba iliyo kwenye barua ya kwanza kabisa uliyopewa, usipige iliyo ndani ya barua pepe hiyo.

Ukishakabidhiwa ufunguo, wakili, kwa England, ana siku 14 za kuwasilisha na kulipa kodi ya ununuzi, kisha anaomba usajili HM Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi. Usajili unaweza kuchukua miezi. Nakala ikija, soma jina lako na la benki. Anayefikiria kuipangisha nyumba na kurudi Dar kwa muda, kwanza aombe ruhusa ya mkopeshaji, kisha ajiandikishe kwenye huduma ya bure ya Property Alert ya ofisi hiyo hiyo ya ardhi; mtu yeyote akijaribu kubadilisha kitu kwenye hati yako, utapata barua pepe hata ukiwa Kariakoo.